Safari ya Saa Sitini katika Mji Unaouza Muda kwa Mechi

Katika vibanda vya PlayStation vya Gisenyi, Rwanda, kama ilivyo Goma ng'ambo ya mpaka na kama ilivyo Bujumbura au Mwanza, muda huuzwa kwa mechi. Mteja analipa, anaokota pedi, anachagua Arsenal au Real Madrid, na baada ya dakika chache filimbi ya mwisho inalia. Aliyefungwa anaachia pedi kwa shingo upande. Anayefuata hana haja ya kuitwa, kwa kuwa muda wote huo alikuwa amesimama nyuma ya kiti akitoa ushauri asioombwa.

Ndani ya utaratibu huo, mteja akimwambia mwenye kibanda kwamba anataka kuanza gemu itakayomchukua saa sitini, na kwamba saa mbili za mwanzo hakuna kubwa litakalotokea zaidi ya watu kuzungumza, atatazamwa kama mtu aliyeingia duka la chapati kuulizia tiketi ya ndege. Na hata akikubaliwa, kazi yake ataihifadhi wapi? Kadi ya kumbukumbu ya PlayStation 2 ina megabaiti 8 tu, na kibandani kadi ni ya wote. Leo mtu anahifadhi safari yake, kesho mwingine anaifuta ili apate nafasi ya ligi yake ya mpira. Umeme nao ukikatika, uliyoyafanya tangu ulipohifadhi mara ya mwisho yamekwenda na maji.

Ndiyo maana aina moja nzima ya michezo ya video, aina iliyolea vizazi vya watoto wa Japani, haikupata kiti katika vibanda vya kanda hii. Ni michezo ya safari na uhusika, ile ambayo wapenzi wake huifupisha kwa herufi JRPG: kikundi kidogo cha watu kinatoka kijijini, kinazunguka dunia kwa miguu, kinapigana na mazimwi kwa zamu, kinakusanya fedha na uzoefu, na mwishoni kinamkabili mwovu mkuu. Sura iliyo wazi kuliko zote ya ukoo huo ni Dragon Quest VIII: Journey of the Cursed King, iliyotoka Japani Novemba 27, 2004 kwa ajili ya PlayStation 2. Kwa miaka zaidi ya kumi sasa imekuwa ikipatikana pia kwenye simu, na hapo ndipo habari yake inapoanza kuihusu Gisenyi.

Ukoo wenyewe ulianza Mei 1986, kampuni ya Enix ilipotoa Dragon Quest ya kwanza. Mtunzi wake, Yuji Horii, alichukua michezo ya uhusika ya Kimarekani iliyokuwa migumu na ya kompyuta za gharama kubwa, Ultima na Wizardry, akaichuja hadi mtoto mwenye mashine ya Nintendo sebuleni aielewe. Picha za mazimwi alichora Akira Toriyama, ambaye wakati huohuo alikuwa akichora Dragon Ball. Waliokua wakitazama katuni kwa Kifaransa, na Goma ni wengi, watamkumbuka kupitia shujaa wake Sangoku. Muziki ulitungwa na Koichi Sugiyama. Kaseti nzima ilikuwa na kilobaiti 64, chini ya picha moja ya kawaida inayotumwa leo WhatsApp, na haikuwa na uwezo wa kuhifadhi chochote. Mchezaji alikwenda kwa mfalme, akapewa maneno ya siri yenye herufi 20 za Kijapani, akayanakili kwenye daftari. Akikosea herufi moja, safari imepotea. Miaka miwili baadaye, siku sehemu ya tatu ilipoingia dukani, polisi wa Japani waliripotiwa kuwakamata wanafunzi karibu 300 waliotoroka shule ili wapange foleni. Matoleo yaliyofuata yakahamishiwa siku za mapumziko.

Sehemu ya nane ndiyo ya kwanza katika mfululizo huo kuonyesha dunia nzima kwa vipimo vitatu. Iliundwa na Level-5 chini ya usimamizi wa Horii. Mchekeshaji wa ikulu aitwaye Dhoulmagus ameiba fimbo ya kale kutoka kasri la Trodain na kuiapiza nchi. Watu wa kasri wamegeuka miiba. Mfalme Trode amekuwa kijitu cha kijani chenye masikio marefu, na binti yake Medea amekuwa farasi mweupe anayevuta mkokoteni wa babake. Aliyepona ni askari mmoja kijana, ambaye ndiye mchezaji, na anaandamana na Yangus, mnyang'anyi mnene aliyetubu baada ya kijana huyo kumwokoa asitumbukie bondeni.

Mfalme hajakubali kwamba ameacha kuwa mfalme. Watu wa mji wa kwanza wanamtupia mawe kwa sura yake; yeye anatoka akilalamika juu ya adabu za raia. Kichekesho hicho kina uchungu ndani yake, na gemu inajua kuushika bila kuubana. Baba anavutwa mkokotenini na farasi ambaye ni mwanawe. Hakuna anayehutubu kuhusu jambo hilo, na mchezaji anaachwa atazame.

Nguvu nyingine ya gemu hii mzee yeyote wa Rwanda angeielewa bila mafunzo, ilimradi amewahi kukaa mbele ya igisoro. Ubao ule una mashimo 32 na kete 64, na hakuna anayeshinda kwa wepesi wa vidole. Mchezaji anatazama, anahesabu, anapanda kete zake, kisha anamwachia mwenzake azungushe. Vita vya Dragon Quest vina mwendo uleule. Mazimwi yanasimama upande mmoja, kikundi upande mwingine, na kila mmoja anapewa amri: piga, tibu, jikinge, loga. Halafu unatazama hesabu yako ikikubali au ikikuumbua.

Kuna amri moja inayofaa kusimuliwa kwa urefu, kwa sababu ndiyo akili ya mchezo mzima. Badala ya kupiga, shujaa anaweza kutumia zamu yake kujipandisha mori. Mori wake unafika 5, zamu nyingine 20, kisha 50, na akibahatika 100, nywele zikisimama na mwili ukiwaka. Pigo litakalotoka hapo linaweza kubomoa zimwi lililokuwa likicheka. Lakini kila zamu ya kujipandisha ni zamu ambayo hukupiga wala hukutibu, na adui wakubwa wana uchawi wa kukurudisha sifuri kwa mkono mmoja. Basi mchezaji anakaa na pedi mikononi, chai inapoa, akijiuliza kama asubiri zamu moja zaidi. Tamaa hiyo imeua mashujaa wengi kuliko Dhoulmagus mwenyewe.

Kikundi kikifa chote, gemu haiishi. Unaamka kanisani, na nusu ya fedha uliyokuwa umebeba imepotea. Kuna benki, lakini inapokea fedha kwa maelfu kamili tu, na iliyo benki haiguswi na kifo. Mchezaji anajifunza haraka tabia ambayo akina mama wanaovusha nyanya na karoti kwenye mpaka wa Petite Barrière wamekuwa nayo siku zote: ukienda njia usiyoijua, usitembee na mtaji wote.

Sasa ubovu wake. Katika toleo la asili, na vilevile lile la simu, mazimwi hayaonekani njiani. Unatembea kwenye nyasi kimya, jua linazama vizuri, ghafla skrini inazunguka na vita vimeanza. Unamaliza, unapiga hatua kumi, skrini inazunguka tena. Katika pango lenye vyumba vya kupoteana, ambapo tayari umesahau kama ulipinda kulia au kushoto, vita vya tatu vinatosha kumfanya mtu mpole aweke pedi chini. Watengenezaji wenyewe waliliona tatizo: toleo la Nintendo 3DS la mwaka 2015 liliyaweka mazimwi waziwazi uwandani, mwenye kutaka kuyakwepa akayakwepa.

Kikubwa zaidi ni kusaga. Wachezaji wana neno hilo kwa kazi ya kuzunguka sehemu moja ukipiga mazimwi yaleyale ili wahusika wako wapande ngazi, kwa kuwa mwovu aliye mbele hatashindwa kwa akili peke yake. Watetezi wa gemu za namna hii huliita zoezi la subira. Wangeweza kuwataja wavuvi wa sambaza wa Ziwa Kivu, wanaotoka jioni na mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti, taa zikiwaka, wakishusha wavu na kuupandisha usiku kucha bila kuliita jambo hilo kasoro. Ulinganisho unavutia, ila mvuvi asubuhi anarudi na samaki. Mchezaji aliyesaga saa tatu kuzunguka mnara mmoja anarudi na ngazi mbili na macho mekundu. Kuna zimwi dogo la chuma ambalo ukiliua linatoa uzoefu mwingi kuliko mengine ishirini, nalo huwa linakimbia kabla hujaligusa. Horii alijua anachofanya. Hicho ni chambo, na chambo kizuri hakiufupishi usiku.

Kuna pia chungu cha kuchanganyia vitu ambacho mfalme anakitengeneza mkokotenini. Unatia jani na kisu, au ngao na ngozi, unatembea, na baada ya muda kengele inalia: kimezaliwa kitu kipya. Wazo ni zuri kwa wanaopenda kubahatisha. Kwa wengine ni sababu tu ya kutembea zaidi.

Suala la lugha ni zito kuliko inavyodhaniwa. Gemu ya mpira haihitaji kusomwa, maana goli ni goli kwa kila lugha. Dragon Quest VIII ni maneno kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kila mwanakijiji ana la kusema, usiku anasema lingine, na baada ya tukio kubwa anabadilisha. Toleo la Kiingereza lilijaa lafudhi: Yangus anaongea kama muuza samaki wa London mashariki, maneno yamekatwa vichwa na mikia, hata mwenye Kiingereza cha shule anahitaji kusoma mara mbili. Toleo la Ulaya la mwaka 2006 lilikuwa na Kifaransa pia, na hilo liliwafaa wenye masikio ya Goma na wazee wa Gisenyi waliosoma kabla shule za Rwanda hazijahamia Kiingereza. Kiswahili hakimo, ingawa tangu 2017 ni lugha rasmi nchini Rwanda na ni lugha ya kila siku pande zote mbili za mpaka huu. Kinyarwanda nacho hakimo. Mtoto anayecheza peke yake anabaki na vita na kupoteza vichekesho, yaani anakula mfupa na kutupa nyama.

Jessica, msichana anayejiunga na safari ili kulipiza kisasi cha kaka yake aliyeuawa, amepewa hasira ya kweli, ulimi mkali na uchawi unaookoa kikundi mara kwa mara. Kisha wachoraji wakampa nguo inayokaribia kuanguka, na waandishi wakampa mbinu za vita za kutikisa kifua ili mazimwi yapumbae. Mwaka 2004 wengi walicheka. Mzazi atakayekaa sebuleni leo na mwanawe wa miaka kumi na miwili atatafuta rimoti.

Muziki unastahili aya yake, na aya hiyo si ya sifa tupu. Toleo lililopelekwa Marekani na Ulaya lilipigwa na okestra kamili, Tokyo Metropolitan Symphony Orchestra, na wimbo wa uwandani ni miongoni mwa sababu za mtu kutembea polepole kwa makusudi. Mwaka 2021, wanamichezo walipoingia uwanjani katika ufunguzi wa Olimpiki za Tokyo, walianza kuandamana kwa wimbo wa Dragon Quest. Miezi miwili baadaye Sugiyama alifariki, akiwa na umri wa miaka 90. Lakini mwaka 2007 mtunzi huyohuyo alikuwa miongoni mwa waliotia saini tangazo katika gazeti la Washington Post lililokana kwamba jeshi la Japani liliwalazimisha wanawake kuwa watumwa wa ngono wakati wa Vita Kuu ya Pili. Nchini Rwanda, ambako kukana mauaji ya kimbari ni kosa la jinai, na ambako kila familia inajua kwa nini, msikilizaji ana haki ya kuujua ukweli huo kabla hajaongeza sauti. Wengine wataendelea kusikiliza. Wengine watazima muziki na kuacha milio ya panga.

Mei 2014 Dragon Quest VIII iliingia kwenye simu nje ya Japani, na kwa mji kama Gisenyi mabadiliko yalikuwa makubwa kuliko ramani mpya au silaha mpya. Hakuna anayesimama nyuma ya kiti. Hakuna wa kufuta kumbukumbu yako. Simu inashikwa wima na vidole vya mkono mmoja vinatosha, hivyo foleni ya basi la Kigali inatosha pia. Ikishapakuliwa haiombi bando, tofauti na gemu nyingi za bure ambazo kila dakika tano zinakutafutia tangazo au kukuuzia almasi. Sauti za waigizaji ziliondolewa katika toleo hilo, na hasara hiyo inaumiza: Yangus asiye na sauti ni nusu ya Yangus.

Bei yake ilipotoka ilikuwa karibu dola 20, inayolipwa mara moja tu. Kwa viwango vya ubadilishaji vya miaka ya karibuni hizo ni zaidi ya faranga 25,000 za Rwanda. Ukigawanya kwa saa sitini, kila saa inagharimu kidogo sana. Tatizo ni kwamba hakuna anayelipa kwa kugawanya. Kibandani unatoa sarafu ukiwa nayo na unaondoka ukiishiwa. Hapa unatoa mkupuo kabla hujajua kama utapenda.

Wapo Waafrika waliozitazama gemu hizi za Kijapani wakaamua kutengeneza yao. Kiro'o Games ya Yaoundé, chini ya Olivier Madiba, ilitoa Aurion: Legacy of the Kori-Odan Aprili 2016, hadithi ya mwanamfalme Enzo na mkewe Erine wanaopinduliwa siku ya harusi yao na kulazimika kuzunguka dunia kutafuta nguvu ya mababu. Mti umetoka Japani, lakini udongo ni wa Kamerun. Cha kutazama ni walichokiacha: vita vya zamu. Enzo anapigana papo hapo, ngumi kwa ngumi, vidole vikikimbia. Vijana wa Madiba walipenda hadithi ndefu na kukataa kungoja, uamuzi unaoeleweka kabisa, ingawa igisoro kingewapa hoja ya kuutilia shaka.

Kwa kuwa kungoja kunalipa, na mahali kunapolipa zaidi katika Dragon Quest VIII ni mji wa Ascantha.

Mchezaji wa kawaida anafika huko baada ya saa kumi na zaidi. Amekwisha kusaga, amekwisha kupotea, kikundi chake sasa ni watu wanne. Mji umevaa nyeusi. Malkia Sybille alikufa miaka miwili iliyopita, na mfalme Pavan bado anamlilia. Mchana haonekani, usiku anakaa kwenye kiti cha enzi akilia, na kwa kuwa mfalme anaomboleza, nchi nzima imesimama. Mnyarwanda atalitambua jambo hilo kwa majina yake ya kale. Baada ya msiba kuna kwirabura, kuwa mweusi, na kuna siku inayowekwa ya kwera, kuwa mweupe, ambapo jamaa wanakusanyika na maisha yanaruhusiwa kuendelea. Pavan ameirabura na hakuna aliyemwekea siku.

Kijakazi mmoja anaomba msaada. Kikundi kinapanda kilima usiku, kinaingia mahali pasipo pa dunia hii na kurudi na mpiga kinubi anayeweza kuziamsha kumbukumbu za jengo. Katika ukumbi, Sybille anatokea kama alivyokuwa akiishi, akicheka, akimtia moyo mumewe aliyekuwa na hofu ya kutawala. Hafufuki. Mfalme anamfuata chumba hadi chumba, anasikia tena aliyowahi kuambiwa na kuyasahau kwa wingi wa machozi, na jua linapochomoza anasimama.

Kipande hicho kimo YouTube, na kukitazama hakuchukui hata nusu saa. Anayekitazama hivyo ni kama mgeni aliyefika siku ya kwera bila kukaa hata usiku mmoja kwenye kilio: anaona watu wamenyoa, wameoga, vinywaji vinapita, na anashindwa kuelewa kwa nini bibi mmoja pembeni anacheka huku anafuta macho. Aliyetembea saa kumi katika nyasi zile, akifa na kuamka kanisani na nusu ya fedha, anakuwa na kitu cha kuweka kando ya huzuni ya Pavan. Uzito wa usiku ule unatokana na uchovu uleule ambao kurasa za juu zimeulalamikia.

Karamu inaandaliwa, madirisha ya kasri yanafunguliwa, mfalme Trode aliyeachwa nje na farasi wake ananung'unika kwamba hakualikwa. Kikundi kinatoka langoni kuelekea uwandani, na muziki wa Sugiyama unaanza upya. Hatua tano, sita. Skrini inazunguka: mazimwi manne.